Kontena Bado Liko China: Karatasi Zianze Lini?

SWALI

Mshauri, pole na majukumu.

Nina duka la pembejeo mjini Iringa. Wateja wangu wakubwa ni wakulima wa nyanya na vitunguu wa Ilula, ambao mvua zikikatika huanza kutafuta mipira ya umwagiliaji wa matone, vichujio na pampu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikinunua kwa jumla Kariakoo, lakini mwaka jana nilithubutu kuagiza kontena langu la kwanza la futi 20 kutoka kwa muuzaji wa Ningbo, China, kwa akiba yangu yote pamoja na mkopo wa benki.

Kontena lilifika Dar es Salaam mwishoni mwa Mei na likatoka bandarini katikati ya Julai. Kwanza, BL halisi, yaani hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, ilichelewa kutumwa kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kumlipa muuzaji salio lake. Ilipofika, ikaonekana kwamba imeandikwa "vipuri vya kilimo", ilhali ankara inasema "vifaa vya umwagiliaji", na orodha ya ufungashaji inataja idadi ya roli za mipira bila uzito wake. Kila nilipopiga simu niliambiwa kuna karatasi inasubiriwa. Tozo ya hifadhi ya bandari na tozo ya kampuni ya meli kwa kuchelewesha kontena zilimeza faida yote, na mzigo ulipofika Iringa wakulima wengi walikuwa wameshanunua kwingine. Hadi leo nina roli za mipira zimejaa stoo.

Sasa nimeagiza kontena la pili: mipira ya matone, viunganishi, koki, vichujio na pampu 40 za petroli. Nimelipa asilimia 30, na muuzaji anasema mzigo utakuwa tayari kupakiwa baada ya wiki nne. Wakala wangu wa forodha ni rafiki wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye aliyetukutanisha. Nikimuuliza nianze kuandaa nini, ananijibu: "Tulia, mama, meli haijafika, tutapeleka nini forodha?" Kuhusu cheti cha ubora anasema tutalimaliza hapa hapa Dar. Muuzaji naye ameniuliza aandike bei gani kwenye ankara, kwa maelezo kwamba wateja wake wengine huandikiwa nusu.

Naomba unisaidie. Nianze lini hasa, na nianze na nini? Hiyo nusu bei ina madhara gani? Na nitamwambiaje wakala kwamba sitaki tusubiri meli, bila kumvunjia heshima shemeji yangu?

Mwenye duka, Iringa

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa yaliyokupata mwaka jana. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu kabla ya kuandika safu hii kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kuandaa nyaraka katika ofisi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, na akina mama na akina baba wenye simulizi kama yako niliwapokea mezani wakiwa wameshika bahasha ya khaki na simu isiyopokewa upande wa pili. Karibu wote walikuwa na kosa moja, nalo halikuwa uzembe. Waliamini kwamba kazi ya karatasi huanza meli inapotia nanga. Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba uanze wiki hii, wakati mzigo bado uko kwenye ghala la muuzaji, kwa kuwa yapo mambo ambayo kontena likishafungwa lakiri hayatengenezeki tena, hata ukiwa na wakala hodari kuliko wote.

La kwanza kati ya hayo ni ukaguzi wa ubora. Tangu mwaka 2012 Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa, unaojulikana kwa kifupi chake cha PVoC. Kampuni ya ukaguzi iliyoteuliwa na TBS hupokea maombi pamoja na profoma, yaani ankara ya awali ya muuzaji, huukagua mzigo, hupima sampuli pale inapohitajika, kisha hutoa cheti cha ulinganifu. Ukaguzi huo unahitaji mzigo uwepo, ufikike na uwe haujafungwa ndani ya kontena. Wakala anayesema jambo hilo litamalizwa Dar anakuahidi ukaguzi wa baada ya kufika, ambao una gharama zake za ziada na foleni yake, nawe ukiusubiri utakuwa unalipia hifadhi kila siku. Mwandikie muuzaji leo umuulize kama bidhaa zako zimo kwenye orodha ya zinazopaswa kukaguliwa na kama ameshawasilisha maombi. Kisha hakikisha jibu lake kwa TBS wenyewe, usibaki na neno lake peke yake. Una wiki nne, na wiki nne zinatosha iwapo hutapoteza hata moja.

Jambo la pili ndilo ninalotaka tukae nalo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndilo lililokuumiza mwaka jana bila wewe kuambiwa. Ni jina la mzigo. "Vipuri vya kilimo" si jina la bidhaa yoyote ambayo ofisa wa forodha anaweza kuitafuta kwenye kitabu chake cha ushuru. Kila bidhaa duniani hupewa namba ya HS, ambayo tarakimu zake 6 za mwanzo ni za kimataifa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili zikawa 8. Namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru, na tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una viwango vinne vikuu, yaani asilimia 0, 10, 25 na 35. Ndiyo pia inayoamua vibali utakavyodaiwa. Hata nafuu ya VAT kwa zana za kilimo imewekwa kwenye jedwali la Sheria ya VAT ya mwaka 2014 kwa namba za HS, kwa hiyo mtu hawezi kuidai kwa kusema tu kwamba wateja wake ni wakulima.

Sasa tazama kontena lako. Mabomba na mipira ya plastiki, pamoja na viunganishi vyake, huwa chini ya kichwa cha 3917, yaani kundi la bidhaa ambazo namba zake za HS huanza na tarakimu hizo nne. Koki ziko chini ya 8481, vichujio vya maji chini ya 8421, na pampu chini ya 8413. Lakini kipo pia kichwa cha 8424, na ndani yake 8424.82, kinachohusu vifaa vya kunyunyizia au kutawanya maji kwa ajili ya kilimo na bustani, na mfumo kamili wa umwagiliaji, ambao vipande vyake vimekusudiwa kufanya kazi moja kwa pamoja, unaweza kuingizwa humo kama kitu kimoja. Umeona hatari ilipo? Roli ile ile ya mpira inaweza kusomwa kwa namna mbili, kutegemea ilivyoletwa na ilivyoelezwa. Wewe unauza rejareja, na mkulima mmoja anachukua roli tatu, mwingine koki kumi, kwa hiyo usikubali mtu akuandikie kwamba umeleta mfumo kamili ikiwa umeleta vipande vya kuuza kimoja kimoja. Forodha hutazama mzigo ulivyo unapofunguliwa.

Ili uone uzito wa jambo hili, tuchukue mfano wa hesabu, nao ni mfano tu. Tuseme thamani ya mzigo pamoja na nauli ya meli na bima ni shilingi 60,000,000. Ukiwekwa kwenye kiwango cha asilimia 25, ushuru ni 15,000,000, na VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla ya 75,000,000, yaani 13,500,000. Ukiwekwa kwenye kiwango cha sifuri, VAT ni 10,800,000 na ushuru hakuna. Tofauti ni shilingi 17,700,000, kabla hatujagusa tozo ya reli na ada nyingine. Kiasi hicho hakipaswi kumshtua mtu siku kontena limeshashushwa na benki inasubiri rejesho lake. Kwa hiyo mtake wakala akupe, kwa maandishi, namba ya HS anayokusudia kuitumia kwa kila bidhaa iliyo kwenye profoma, pamoja na makadirio ya kodi. Penye shaka, sheria inaruhusu kuiomba forodha uamuzi wa awali kuhusu namba ya bidhaa kabla ya kuiingiza nchini. Mipira yako ya matone inastahili maombi hayo, na hata kama uamuzi hautawahi kontena hili, utakufaa kwa lijalo.

Ukishapata namba hizo, mrudie muuzaji na umwelekeze maneno. Aandike, kwa mfano, "mipira ya plastiki ya umwagiliaji wa matone", kipenyo chake, urefu wa kila roli, idadi ya roli na uzito wake, kisha vivyo hivyo kwa vichujio, na kwa pampu aongeze modeli na nguvu ya injini. Maneno hayo hayo yaonekane kwenye ankara, kwenye orodha ya ufungashaji na, kwa kifupi kisichopotosha, kwenye BL. Wauzaji wengi huandika jina la jumla kwa sababu ndivyo walivyozoea, na wengi hulirekebisha bila ubishi wakiombwa mapema.

Hapo tunafika kwenye rasimu ya BL. Kampuni ya meli huandaa rasimu na kumpa muuzaji aithibitishe kabla ya kutoa hati yenyewe, na muuzaji huipitisha mara nyingi siku hiyo hiyo bila kukuonyesha. Mwambie asiithibitishe mpaka wewe uione. Nakumbuka nilipokuwa bado mgeni kazini, mkuu wangu alikuwa na rula ya plastiki iliyopasuka ncha. Aliiweka chini ya mstari mmoja wa BL na kuusoma kwa sauti, nami nikaufuata kwa kidole kwenye orodha ya ufungashaji, kisha rula ikashuka mstari mmoja. Mzigo ulikuwa wa vigae. Akasoma, "Katoni mia nne ishirini na moja." Kidole changu kilikuwa juu ya 412. Kule kwenye kompyuta ya mtu fulani tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na kwa kuwa meli ilikuwa imeshafika na orodha yake ya shehena imeshaingia kwenye mfumo wa forodha, ilibidi kampuni ya meli iombe masahihisho, mteja alipie, na kontena likae likisubiri. Kama rula ile ingepita kwenye rasimu, barua pepe moja ingetosha.

Fanya hivyo hivyo wewe na mtu mmoja wa dukani kwako. Jina la mpokeaji liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti chako cha TIN, kwa maana "Traders" si "Trading". Linganisheni idadi ya vifurushi, uzito wa jumla, namba ya kontena na namba ya lakiri. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Kuhusu BL yenyewe, umekiri kwa uungwana kwamba salio lilichelewa upande wako, na ndivyo inavyotokea kwa wengi, kwa sababu muuzaji haachii hati kabla hajamaliza kulipwa. Panga fedha za salio zipatikane meli inapoondoka, zisitafutwe inapokaribia. Ukishamlipa, mwombe aisalimishe BL huko huko bandari ya kupakilia ili mzigo uachiwe Dar kwa ujumbe wa teleksi, nawe hutahitaji kusubiri kifurushi cha karatasi kivuke bahari. Njia hiyo inafaa pale tu ambapo benki yako haijadai kushika BL halisi kama dhamana ya mkopo, waulize kwanza. Na bima ya mzigo uikate kwa kampuni iliyosajiliwa hapa Tanzania, kama sheria yetu ya bima inavyotaka, kwani bima ya muuzaji inaweza kukuletea maswali mwishoni.

Swali la nusu bei nakujibu bila kuzunguka: usikubali. Kodi ya forodha hukadiriwa kwa bei uliyolipa kweli, na ofisa akiitilia shaka ana haki ya kudai uthibitisho wa malipo ya benki na kuikataa bei ya ankara. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika kifungu cha 203, inamwekea anayetoa tamko la uongo kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola za Marekani 10,000. Forodha inaweza pia kukutaka utoe vitabu na nyaraka zako ndani ya miaka 5 tangu uingize mzigo, kwa hiyo kontena kutoka bandarini salama si mwisho wa jambo. Yapo na mengine yasiyosemwa sana: mzigo ukizama au ukiibwa, utafidiwa kwa bei ya karatasi, na ubishi wa thamani ni miongoni mwa mambo yanayokalisha kontena bandarini muda mrefu. Wewe unahitaji mipira iwe Ilula mwezi Mei. Ankara ya kweli, yenye nauli na bima zilizoonyeshwa wazi, pamoja na risiti za malipo yote mawili ya benki, ndiyo njia yako ya kufika huko.

Wakala anauliza mtapeleka nini forodha kabla ya meli. Mtapeleka tamko, yaani maelezo rasmi ya mzigo ambayo kodi hukadiriwa kwayo. Sheria inaruhusu tamko liwasilishwe kabla chombo hakijafika, na Mamlaka ya Mapato yenyewe inashauri mchakato uanze walau siku 7 kabla ya mzigo kuwasili. Safari kutoka Ningbo hadi Dar ni ya mwezi mmoja hivi, na zaidi iwapo kontena litahamishiwa meli nyingine njiani. Katika siku hizo wakala anaweza kuingiza nyaraka, akapata TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha yenye namba yake, makadirio yakapitiwa, maswali ya ofisa yakajibiwa na namba ya malipo ikatoka, nawe ukalipa. Meli ikishusha, kinachobaki ni ukaguzi kama mfumo umeuchagua mzigo wako, hati ya kampuni ya meli ya kuruhusu uchukuliwe, tozo za bandari na gari la kuupeleka Iringa.

Huenda atakutajia zile siku 21 ambazo sheria inampa mwenye mzigo kuwasilisha tamko tangu meli ianze kushusha. Ni kweli zipo, lakini ni muda wa tamko tu. Siku za bure za hifadhi bandarini ni chache kuliko hizo, na siku za bure za kontena huhesabiwa na kampuni ya meli kwa mkataba wake. Hesabu hizo mbili hazisubiri ya forodha, na bili zake ndizo zilizokula faida yako. Mwombe muuzaji, sasa hivi kabla hajaweka nafasi melini, apatane na kampuni ya meli siku nyingi zaidi za bure za kontena, na ziandikwe. Kabla ya kupakia hilo huwezekana mara nyingi. Kontena likishafika, ni nadra kupewa.

Limebaki la wakala na shemeji yako, na naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko namba zote hizi. Kwanza hakikisha, kwa utulivu, kwamba wakala huyo ana leseni hai ya uwakala wa forodha. Orodha ya wenye leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato, na kuuliza si tusi, kwa kuwa wewe ndiye unayemsainia barua ya kumruhusu akuwakilishe na kodi inadaiwa kwa TIN yako. Kisha usimwendee kwa lawama za mwaka jana. Mwambie kwamba benki imetaka ratiba, jambo ambalo unaweza kulifanya kuwa kweli kwa kwenda kuwaomba benki wenyewe waione na kuifuata. Ratiba iwe na tarehe: siku ya kupata cheti cha ulinganifu, siku ya kusoma rasimu ya BL, siku ya kuingiza tamko, siku ya kulipa. Akikubali kuisaini, fanya naye kazi. Akirudia kwamba tusubiri meli, mlipe haki yake kama ipo, umshukuru, na utafute mwingine wakati bado una wiki nne, kwani kubadilisha wakala kontena likiwa limeshashushwa ni mzigo juu ya mzigo.

Shemeji yako alikusaidia kwa nia njema, na nia hiyo iheshimiwe mbele ya mume wako. Mketi watatu nyumbani, uweke mezani bili za hifadhi na za kampuni ya meli za mwaka jana, zile zenyewe, azisome kwa macho yake. Kisha mwombe awe mtu wa pili katika ule usomaji wa rasimu, yeye ashike orodha ya ufungashaji na wewe ushike rula, na kila barua utakayomwandikia wakala apate nakala siku hiyo hiyo, ili habari zako asizisikie kwanza kwa rafiki yake.